Mkono wa Buluu

Kila Jumamosi asubuhi, timu ya mbio ya shule ilikimbia kutoka uwanjani hadi katikati ya mji, ikipitia maduka matatu ya keki. Kila duka liliwapa kipande kimoja. Sharti lilikuwa hili: utafune, umeze, umwonyeshe mwenye duka mdomo mtupu, ndipo uondoke. Mwaka uliopita mkimbiaji mmoja alipaliwa na keki njiani, nusura afe. Tangu hapo, aliyekimbia na mdomo uliojaa aliondolewa kwenye timu papo hapo.

Kiberenge, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa jina hilo la kigari cha reli kwa sababu akishika njia hasimami. Kula nako alikuwa hodari. Tatizo lilikuwa mikono yake. Aliyempita alipigwa kiwiko, na aliyelalamika aliongezwa kingine.

Jumamosi hiyo walikuwa wakigombea nafasi moja ya kwenda kwenye mashindano makubwa. Aliyeitaka kama yeye alikuwa Mrefu, aliyekaa naye dawati moja. Wawili hao waliwaacha wenzao mbali. Katika duka la pili, keki ilikuwa imepakwa krimu ya buluu. Mrefu alishika kipande chake kwa karatasi. Kiberenge alikizoa chake kwa kiganja kizima akakisukumia mdomoni.

Kwenye kona ya fundi viatu, Mrefu alitaka kumpita. Kiberenge akampiga kiwiko cha mbavu. Mrefu naye hakuwa mtu wa kuonewa. Akamvuta nywele, akamzaba kofi. Wakapigana mateke na ngumi hadi Kiberenge akatokwa damu puani. Fundi viatu aliwatenganisha kwa mpini wa ufagio.

"Mnakimbia au mnapigana, wanangu? Chagueni moja."

Mrefu alichomoka kwanza. Kiberenge akamfuata, amefura kwa hasira. Mlangoni mwa duka la tatu aliuona mgongo wa mwenzake mbele yake, akausukuma kwa nguvu zake zote.

Mrefu aliingia mzima mzima kwenye kabati la vioo. Kioo kikapasuka kwa kishindo, kikamchana mkono kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Damu ikarukia keki nyeupe. Alipiga ukelele mmoja, kisha akabaki akitetemeka, hawezi kusema neno.

Mwokaji, aliyekuwa ameinama kwenye tanuri, alikuja mbio. Mwalimu wa michezo, aliyekuwa akiwangoja kwenye duka hilo la mwisho, akatokea chumba cha nyuma.

"Kumetokea nini?"

"Ameteleza," alisema Kiberenge. "Alikuwa anakimbia keki iko mdomoni."

Mwokaji alikuwa tayari ameufunga mkono wa Mrefu kwa aproni na kumkumbatia kwa nyuma. Mwalimu alitoa kalamu, uso umemshuka.

"Basi sheria anaijua. Nitalikata jina lake. Nafasi ni yako, Kiberenge."

Mrefu alimtazama Kiberenge, machozi yakimtiririka. Kiberenge aliona aibu, tena aibu ya kutaka ardhi immeze.

"Si kweli, mwalimu," alisema. "Nimemsukuma mimi."

Mwokaji akamgeuza Mrefu taratibu. Kwenye fulana nyeupe, katikati ya mabega, palikuwa na alama ya kiganja cha buluu, vidole vyote vitano.

"Niliiona mapema," alisema mwokaji. "Nilikuwa nangoja mwenyewe ajitokeze."

Kwenye zahanati, Mrefu alishonwa nyuzi tisa. Kiberenge alikaa naye mpaka uzi wa mwisho.

"Nisamehe," alisema.

"Mkoba wangu utaubeba wewe mpaka nipone," alijibu Mrefu. "Na usiubebe kama ulivyobeba keki."

Mwalimu aliitunza nafasi hadi Mrefu apone. Kiberenge alitolewa kwenye timu kwa muhula mzima, na kila Jumamosi alifagia duka la mwokaji.

"Miguu yako ina kasi, mwanangu," mwalimu alimwambia siku ile ile, "na mkono wako una kasi kuliko miguu. Huo mkono ndio uliokaribia kumlemaza mwenzako. Lakini ukweli wako leo, ingawa umechelewa, umefika. Safari nyingine uutangulize."