Mgeni Aliyepewa Mji

Mimi ni msusi, na kiti cha msusi husikia mengi kuliko mto wa kitanda. Nikikusuka nusu siku utanieleza hadi ndoto zako. Lakini hili sikulipata kwenye kiti. Limemtokea dada yangu wa tumbo moja, na mke wa kaka yetu. Ukiona naropoka sana, nivumilie, ndivyo ninavyojizuia kutetemeka.

Dada ni fundi cherehani. Tulikuwa na grupu letu kwenye simu, watu watano: Dada, mimi, wifi, fundi simu mmoja tuliyemwita Betri kwa sababu maneno hayamwishi, na jirani mwenye teksi tuliyemwita Gia. Tulikuwa tunacheza vitendawili mtandaoni. Mnapewa kimoja kigumu, mnakitafuna pamoja, mkikubaliana mnatuma jibu, mnashindana na makundi mengine ya watu msiowajua wala hamtawaona. Zawadi hakuna, ni sifa tu.

Mwanzoni Dada ndiye alikuwa kichwa. Simu anaiegemeza kwenye kopo la vifungo, mguu unakanyaga cherehani, mdomo unategua. Tukimwita Mwalimu. Kisha kaka akaoa, wifi akaingizwa kwenye grupu, mambo yakageuka. Wifi ni mtu wa maneno machache. Sisi tunabishana mpaka simu zinachemka, yeye anakuja mwishoni anaandika neno moja, na ndilo lenyewe. Betri akaanza kumwita Profesa. Mwalimu na Profesa, hesabu mwenyewe nani kakaa juu ya nani.

Dada alicheka pamoja na wengine. Thubutu! Mimi namjua. Akiingiwa na kijiba cha roho anakata uzi kwa meno badala ya mkasi, na siku zile mkasi wake ulikuwa unalala tu mezani.

Wala si vitendawili peke yake, tuseme ukweli. Kaka yetu, Dada ndiye aliyembeba mgongoni. Na Mama, tangu wifi ashike mimba, alihamishia roho yake yote kule: wifi amekula, wifi amelala, wifi asiinue ndoo. Dada alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto. Kitanda kidogo cha mtoto alichonunua mapema, kwa furaha ya bibi harusi, alikuwa anawekea vitambaa vya wateja. Siku moja Mama akamwagiza, mbele yangu, amshonee wifi nguo za mtoto.

"Wewe si una nafasi," Mama akamwambia.

Hakuwa na nia mbaya. Dada alizishona, nyeupe zenye ua dogo la njano kifuani, nzuri kupita alivyowahi kumshonea mteja yeyote. Kila pindo alikata uzi kwa meno.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe. Nilikuwa kwa Dada, nimepeleka gauni langu lipunguzwe kiuno, naye ananitania kwamba kiuno chenyewe hakipo. Simu zetu zikalia pamoja. Kwenye grupu palikuwa na mtu wa sita, anajiita Mgeni. Sisi tulidhani Betri kamwingiza. Betri naye, alituambia baadaye, alidhani ni Dada.

"Kitendawili," Mgeni akaandika.

"Tega!" tukaandika wote.

"Nimejenga bila fundi, nimelala bila mkeka. Siku nitakayotoka, mwenye nyumba atalia."

Gia akarukia: yai. Betri akamuuliza ameona wapi kuku analia kifaranga kikitoka, yeye akasema jino. Mimi nikasema jipu, na nikajiona nina akili. Kila mara Mgeni alijibu neno moja: "Hapana." Dada alikuwa amesimamisha cherehani, macho yamemtoka, anafikiri. Siku hiyo wifi hakuwepo mtandaoni, mimba ilikuwa inamsumbua, amelala. Niliona kabisa Dada anavyoitaka ile nafasi. Hata moja tu, alitaka ategue yeye.

Ndipo Betri akaandika: "Tumngoje Profesa aamke. Bila yeye hapa tunatwanga maji kwenye kinu."

Gia akaunga mkono.

Dada akaisoma. Akainama, akakata uzi kwa meno.

"Hatumngoji mtu," akasema. Akaandika: "Tumeshindwa. Sema jibu."

"Nipe mji," Mgeni akajibu.

Si unajua mchezo wetu ulivyo. Ukishindwa, aliyetega anadai mji. Unamtajia wowote, naye anajigamba: nimekwenda huko, nimekula, nimekunywa, wenyeji wamenipokea. Ndipo anatoa jibu. Ni porojo za utotoni. Gia akampa mji mmoja mkubwa. Mgeni akasema umejaa. Betri akampa mwezini. Mgeni akasema kuna baridi.

"Nipe mji wenye nafasi."

Uso wa Dada ulibadilika. Akaandika bila kutua: "Nenda kwa wifi yangu. Kule nafasi ipo."

"Dada," nikamwambia, "nyumba ya mtu hiyo."

"Mchezo. Kwani nimemuua?"

Wifi aliamka jioni, akayasoma yote, akaweka vikatuni vya kucheka. Ni mpole yule. Akaandika: "Karibu sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mgeni akajibu papo hapo. "Nimekwenda kwa wifi. Nimekula, nimekunywa. Nimepata pa kulala. Pana joto."

Gia akauliza, na jibu je?

"Mtaliona."

Betri alitaka kumtoa, simu ikakataa. Akatafuta namba yake. Namba haikuwepo, palikuwa na jina tu.

Tulicheka, tukasahau. Baada ya siku chache nikaenda kumsuka wifi nyumbani kwake. Nikiwa nagawa nywele, akaniambia kaka yangu siku hizi anakula mara mbili kwa siri. Anaandaa sahani mbili, yake na ya mume. Akirudi kuondoa vyombo anakuta tatu. Ya tatu imefunikizwa kifudifudi mezani, safi, haina hata punje.

"Kaka ndivyo alivyo," nikamwambia, "utotoni alikuwa anaiba hadi ukoko."

"Nilidhani hivyo," akasema. Akashusha sauti. "Lakini jana hakuwepo. Nilikula peke yangu."

Nikaacha kusuka.

"Tena haikuoshwa, wifi. Imelowa. Kama imelambwa."

Mimi nikafanya utani, kwani ndiyo kazi yangu. Nikaendelea kusuka.

Siku ya kujifungua tulikuwa hospitali, mimi, Dada na Mama, kwenye benchi la nje. Wifi alilia kama mzazi yeyote. Sauti yake ikapanda, ikakatika. Tukangoja sauti ya mtoto. Tukangoja. Muuguzi akatoka anatabasamu, akasema ni wa kiume, mzima wa afya, ila mtulivu, hakulia kabisa.

Mama akapiga kigelegele. Dada akanishika mkono, kucha zikazama.

"Nimejenga bila fundi," akaninong'oneza.

"Nyamaza."

"Mwenye nyumba atalia. Ni mimba. Jibu lilikuwa mimba."

Akajitoa kwenye grupu palepale kwenye benchi. Betri na Gia nao wakatoka mmoja mmoja. Tukabaki mimi na wifi. Na Mgeni. Mimi nilibaki kwa woga, nikijiambia heri kumwona alipo kuliko kutomwona.

Kwa wifi, sahani ya tatu haikuonekana tena. Mtoto alikua vizuri. Alinyonya, alinenepa, alitembea mapema. Lakini hakuwahi kulia. Hakuwahi kucheka. Ukimtekenya anakutazama mpaka unaondoa mkono mwenyewe. Daktari alimpima mara nyingi, akasema mzima. Mama akawa anamsifu kwa majirani kwamba mjukuu wake ana adabu za mtu mzima. Mimi nikimsuka wifi, mtoto anakaa kwenye mkeka, hachezi, ameegemeza mgongo ukutani.

"Ananitazama kama mpangaji," wifi aliniambia siku moja, midomo haisogei. "Anayengoja apate nyumba nzuri zaidi."

Alikuwa amekonda. Hakuwahi kumlaumu Dada mbele yangu. Lakini niliona alivyozihifadhi zile nguo nyeupe za ua la njano. Zilishambana mtoto zamani, lakini wifi aliziweka kabatini, zimepigwa pasi.

Halafu, makubwa haya, Dada akashika mimba.

Baada ya miaka yote ile! Mume wake alilia hadharani kama mtoto. Vitambaa vya wateja vikaondolewa kwenye kile kitanda. Mama, aliyekuwa anakaa kwa wifi tangu mjukuu azaliwe, akafungasha nguo zake siku hiyohiyo, akahamia kwa Dada. Dada amekula, Dada amelala, Dada asiinue ndoo. Mtoto wa Dada alikuwa anacheza tumboni mpaka gauni linatikisika, na kila mgeni alialikwa aweke mkono asikie.

Wifi naye alikuja kuweka mkono. Nilikuwepo. Mtoto yule akageuka ndani kwa nguvu, wifi akacheka, halafu kicheko kikaganda usoni. Akamtazama mwanawe, aliyekaa pembeni na mgongo ukutani. Akamtazama Dada. Ule uso niliujua. Nilikuwa nimeuona kwenye cherehani.

Na mtoto, kwa mara ya kwanza, alikuwa hamtazami mama yake. Alikuwa anatazama tumbo la Dada.

Wiki iliyofuata, mchana, niko saluni, mteja kichwa nusu kimesukwa. Simu ikalia. Grupu. Lilikuwa limekaa kimya tangu siku ya benchi.

"Hapa nimekaa vya kutosha," Mgeni ameandika. "Nipe mji."

Chini ya ujumbe nikaona wifi anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Nikampigia, akakata. Nikampigia tena. Akakata.

Ujumbe ukaingia.

"Nenda kwa wifi mkubwa. Kule nafasi ipo."

Nikampigia Dada. Simu iliita. Iliita. Mteja ananiuliza kuna nini.

"Eh, mdogo wangu," Dada akapokea. Nyuma nasikia vyombo, Mama anapakua chakula. Sauti yake ilikuwa ya raha.

"Dada, nisikilize. Usimkaribishe mtu."

"Nani?"

"Yeyote. Funga mlango. Ukisikia..."

"Subiri kidogo, kuna mtu hapa."

Nilimsikia na mimi. Mbali kidogo na simu. Sauti ya kawaida kabisa, si ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Hodi."

"Dada, nyamaza!"

Wewe niambie. Umelelewa vizuri, uko kwako, chakula kinapakuliwa, mtu anapiga hodi. Mdomo haukungoji ufikiri.

"Karibu!" Dada akasema.

Simu ikakaa kimya. Nikasikia kiti kinavutwa.

Nikatupa kitana, nikakimbilia kwa Dada. Kabla sijafika mlangoni pa saluni, kaka akanipigia, anapiga kelele za furaha. "Mtoto analia! Sikia! Analia, jamani!" Nikasikia. Kilio kikali, cha njaa, cha mtoto kama watoto wote. Na nyuma yake wifi naye alikuwa analia, kilio cha kutoka chini ya tumbo, hakishiki pumzi.

Nilimkuta Dada amekaa mezani, mkono mmoja tumboni. Mama alikuwa amesimama na mwiko.

"Hapakuwa na mtu mlangoni," Dada akaninong'oneza.

Mezani palikuwa na sahani yake na ya Mama, zimejaa. Ya tatu ilikuwa kifudifudi. Nikaifunua. Safi. Imelowa. Bado ina vuguvugu.

Mwana wa kaka sasa analia kutwa nzima, kelele za kuudhi, na wifi hamnyamazishi. Anakaa anamsikiliza. Jumapili alikuja kumwona Dada, amebeba kifurushi. Ndani zilikuwa zile nguo nyeupe za ua la njano, zimefuliwa, zimepigwa pasi. Akaziweka mapajani mwa Dada. Hawakutazamana.

"Asante, wifi," Dada akasema.

"Asante na wewe, wifi."

Dada atajifungua mwezi ujao. Mtoto wake aliyekuwa anatikisa gauni ametulia tangu siku ile. Daktari anasema mzima. Mimi huenda kila mchana kula nao, Dada asibaki peke yake na Mama. Tukimaliza nakusanya vyombo mwenyewe. Naosha sahani yangu, naosha ya Dada, naosha ya Mama. Ya nne huwa naikuta safi tayari.