Diski Yenye Mapengo Mawili

Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, saa mbili na robo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mtaa wa Jamhuri, na ubaridi ulikuwa wa kumtoa mtu mvuke kinywani. Waithera, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amekwisha kutimiza kazi zake za asubuhi. Alikuwa amepika chai, amevipiga rangi viatu vya baba yake, na kumsomea tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti ya maziwa. Halafu alimwambia kwamba shati aliloshika lilikuwa la samawati, wala si lile jeupe.

Ugonjwa ulikuwa umempofusha baba yake, Bwana Mbuthia, miaka mitatu iliyopita. Hakuwa mtu wa kujihurumia. Alijifunza upya kutembea kwa fimbo nyeupe, kujipikia, na kuandika kwa kipakatalishi kilichomsomea kwa sauti kila neno aliloliandika. Kwa kifaa hicho alipata riziki, kwani watu walimletea mahojiano yaliyorekodiwa, naye akayaandika. Lakini siku hizi sauti ile ilikuwa imeingiwa na kigugumizi. Baba akiandika neno, ilimjibu alipokwisha kumaliza sentensi nzima.

"Diski yake imejaa, tena imezeeka," alikuwa amesema. "Tutakinunulia nyingine kubwa, yenye kasi."

Bi. Ravneet, mwenye duka la vifaa vya tarakilishi katikati ya jiji, alikuwa amemwonya kwenye simu. Diski za mashine ile, zinazoitwa SSD, zilikuwa vipande vyembamba kama chingamu, na zilikuwa za aina mbili. Tofauti ilionekana kwenye meno ya dhahabu yaliyokuwa nchani: aina moja ilikuwa na pengo moja, nyingine mapengo mawili. Ukinunua isiyofaa inaweza kuingia vizuri, lakini mashine isiitambue.

Kwa hiyo Ijumaa jioni, kabla ya kwenda mazoezi ya kwaya, Baba alimkabidhi Waithera bisibisi. "Fungua kifuniko cha nyuma, itoe diski, uhesabu mapengo. Ukishindwa, niambie."

Waithera alifungua skrubu mbili. Ya tatu ilikataa. Kuria, mtoto wa jirani aliyekuja kuazima pampu ya baiskeli, alisimama mlangoni akimcheka.

"Niaje, fundi? Ukivunja hiyo, utanyimwa chapati mpaka Krismasi."

"Nahesabu mapengo ya diski."

"Mapengo gani? Laptop zote za siku hizi ni pengo moja. Ya kaka yangu ni moja. Wacha kujitesa bure."

Maneno hayo yalikuwa mepesi kuliko ile skrubu. Waithera alizikaza tena zile mbili alizofungua. Baba aliporudi, alimwambia, "Ni moja, Baba."

"Umehesabu vizuri?"

"Ndiyo."

Jumamosi hiyo walifika dukani saa nne. Bi. Ravneet, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwapa viti.

"Karibu, Mzee Mbuthia. Mashine iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani. Mwaka jana niliporwa simu hapa mjini na fimbo iko mkononi. Lakini binti yangu ameifungua. Ni pengo moja."

Bi. Ravneet alivaa miwani, akamtazama Waithera. "Wewe mwenyewe umeitoa ukaiona? Kama hujui, sema tu hujui. Hapa watu wazima wanasema hivyo kutwa nzima, na hakuna anayewacheka."

Waithera aliona amefunguliwa mlango wa kutokea. Lakini nyuma yake walisimama wateja wawili, na Baba alikuwa ameinua uso wake kwa fahari. "Nimeiona, anti," alijibu.

Bi. Ravneet alitoa diski moja ya maonyesho, akaiweka kiganjani mwa Baba. Baba alipitisha kidole gumba juu ya meno ya diski. "Moja," alisema akitabasamu. Kisha akauweka mkono wake juu ya kichwa cha Waithera. "Haya ndiyo macho yangu."

Walirudi Jamhuri na diski mpya ndani ya pakiti yake. Baba aliketi karibu na meza, Waithera akashika bisibisi. Safari hii aliikandamiza kwa nguvu, na ile skrubu ngumu ikalegea. Aliitoa diski ya zamani, akaigeuza.

Mapengo yalikuwa mawili.

Pakiti ilikuwa bado haijafunguliwa. Neno moja lingetosha. Waithera alinyamaza, akaichana pakiti na kuitia diski mpya, akiomba moyoni kwamba pengine ingefanya kazi. Iliingia vizuri. Lakini kila alipowasha mashine, maandishi yalisema kwamba hakuna diski yoyote. Baba alimfanya ayasome tena na tena, kisha akamwambia airudishe ile ya zamani. Alimpigia simu Bi. Ravneet papo hapo.

"Umeniuzia diski iliyokufa, mama. Ulijua sioni."

"Mzee, ilete Jumatatu niiangalie," sauti ya upande wa pili ilijibu kwa utulivu.

"Ulijua sioni," Baba alirudia, akakata simu.

Kesho yake, baada ya ibada, Baba alisimama kwenye ua wa kanisa akizungumza na Bwana Odero, mwenzake wa kwaya, aliyekuwa akitafuta diski ya mwanawe wa chuo kikuu. Waithera alisimama kando yao, na mkono wa Baba ulikuwa begani mwake.

"Usiende kwa yule mama," Baba alimwambia. "Anayemwibia kipofu hatamhurumia yeyote."

"Kumbe! Na vile nilikuwa naenda kesho. Acha niwaambie na wenzangu ofisini, wengi wao hununua kwake."

Akilini Waithera alimwona Bi. Ravneet akiwa nyuma ya meza yake Jumatatu, akiwangoja wateja ambao hawangekuja, wala asijue sababu.

"Baba, si yeye," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Si yeye. Ijumaa sikuifungua. Jana nikaona ni mapengo mawili, nikanyamaza. Nilikudanganya."

Bwana Odero aliangalia viatu vyake. Mkono wa Baba haukuondoka begani mwa binti yake.

"Odero," Baba alisema, "umesikia. Yale niliyosema juu ya yule mama hayakuwa kweli. Usiyapeleke popote."

Walipofika nyumbani, Baba aliomba apewe ile diski ya zamani mkononi. Waithera aliitoa. Kidole gumba kilipita juu ya meno polepole, kikasimama mara mbili.

"Mawili," Baba alisema. "Ijumaa ningeweza kuishika hivi mwenyewe. Niliacha kwa sababu nilikuamini. Unajua ni nini kilichoniuma? Nilikuwa radhi kuamini kwamba mwanamke mwaminifu ni mwizi, kuliko kuamini kwamba wewe umenidanganya."

Waithera alilia. Baba alimvuta karibu, akamfuta machozi kwa kiganja, akamwacha alie hadi akatulia.

"Kesho tutampigia simu tumwombe radhi?" Waithera aliuliza.

"Shule ya bweni niliyosomea haikutufundisha hivyo. Uliyemvunjia heshima humwombi radhi kwa simu. Tutakwenda."

Jumatatu duka lilikuwa na watu wengi. Baba hakungoja wapungue. Alivua kofia, akasema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia, "Bi. Ravneet, nilikuita mwizi. Nilikosea. Naomba unisamehe."

"Na mimi, anti," Waithera alisema. "Niliposema nimeiona, sikuwa nimeiona. Nilikuwa naona aibu kusema sijui."

Bi. Ravneet alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shali. "Jumamosi sikulala vizuri, Mzee," alisema. "Baba yangu aliniachia jina jema, zaidi ya duka. Basi, yamekwisha." Alichukua ile diski, akampa Waithera nyingine yenye mapengo mawili. Waithera aliyahesabu kwa jicho, Baba akayahesabu kwa kidole.

"Pakiti ilichanwa, kwa hiyo hii siwezi kuiuza kama mpya," Bi. Ravneet aliendelea. "Lakini hiyo hasara ndogo niachie mimi. Huyu ni mtoto."

"Hapana, mama," Baba alijibu kwa upole. "Waithera, sikia. Kutojua si kosa. Kila mtu huanza hapo. Kosa ni kukificha usichokijua, kwa sababu mzigo wake hubebwa na mtu mwingine asiye na hatia. Anayesema 'sijui' hufundishwa. Anayedanganya hulipa."

Waithera alitoa shilingi mia tano alizopewa na shangazi yake, akaziweka mezani.

Bi. Ravneet alimtazama Baba, kisha akamtazama msichana. Aliichukua noti, akaitia ndani ya droo na kuifunga.

"Imetosha," alisema. "Sasa hatudaiani."