Baba Alishatoa Ushuhuda

Kila asubuhi kabla ya shule mimi ndio huosha choo cha nyumbani kwetu, kisiwani Rusinga. Siku moja ndio nikaona. Kwa sementi kulikuwa na matone mekundu, na baba ndiye alikuwa ametoka hapo.

Sikumwambia mtu. Darasani mwalimu aliniuliza swali, nikaangalia dirisha. Chakula nikawa nachezea tu. Mwaka juzi madaktari walimtoa baba figo moja yenye kansa. Alipopata nguvu alisimama kanisani akasema, "Nimepona kabisa!" Wamama wakapiga vigelegele. Tangu hapo hakurudi kliniki. "Nikionekana huko, watasema nilidanganya Mungu," alimwambia mama.

Jumamosi akaja Roselyn, mtafiti kutoka Homa Bay. Alikuwa anatembelea watu waliopasuliwa kama baba, ajue nani bado yuko hai na anaendeleaje.

"Mzee Maurice, kuna maumivu?"

"Hakuna. Bwana asifiwe."

"Damu kwa mkojo?"

"Ai, madam! Si unaniona? Jana nimevuta mashua peke yangu. Andika mzima!"

Roselyn akacheka, akainama kuandika. Mimi nilikuwa namimina chai. Kikombe kikajaa, chai ikamwagika mezani.

"Dolphine, una nini?" mama akauliza.

"Damu iko," nikasema kwa sauti ndogo. "Niliona chooni, baba akitoka."

Baba akanikazia macho. "Wewe ambaye hata salamu huitikii, leo ndio umejua kuongea?"

Machozi yakaanza. "Baba, sitaki ufe."

Akaangalia mikono yake. "Ilianza wakati wa mvua," akasema polepole.

Roselyn aliweka kalamu chini. "Mzee, ningeandika uko mzima, ningedanganya wagonjwa wote watakaokuja nyuma yako, maana madaktari hutumia majibu haya kuwatibu. Na wewe ungebaki na ugonjwa wako. Jumatatu twende hospitali."

Hospitalini picha ilionyesha uvimbe mdogo kwa ile figo iliyobaki. Daktari alisema umeonekana mapema, akautoa, figo ikabaki.

Baba alipopona, alisimama tena kanisani. Nikajificha nyuma ya mama.

"Mungu ameniponya," akasema, "na kliniki bado naenda. Nilificha ugonjwa kwa sababu ya aibu. Mtoto wangu ana aibu kunishinda, lakini yeye alisema ukweli. Msifiche ugonjwa, hata kama mlishatoa ushuhuda."

Akaniita mbele. Sikuenda.

Baba akacheka. "Mwacheni. Ameshasema ya kutosha."