Herufi Tano za Mwisho

Saa 5:40 asubuhi

Evarist alipanga CD tatu mezani. Moja ilikuwa duka la Mzee Saturnini, moja chumba cha ndani, moja gari. Walikuwa wamejifungia nyuma ya banda la Fahadi, sokoni Nachingwea, ambako Fahadi alikuwa amekula miaka kumi akichoma nyimbo na filamu za watu kwenye CD bila ruhusa.

"Mzee Saturnini ana fotokopi chumba cha ndani," Evarist alisema. "Mimi nampelekea kitabu kizima anitolee kopi. Akiingia, Fahadi unafungua kabati la vioo. Unatoa CD, unaweka nyingine, unarudisha kava palepale. Hata wiki ikipita hatagundua."

"Niweke ipi?"

"Yoyote. Weka nyimbo za singeli."

Fahadi alicheka. Rukaiya hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa fundi kompyuta wa genge, na wiki hiyo alikuwa ameenda dukani mara mbili kama mteja wa kawaida, kununua kihalali CD waliyoitaka, ya Windows 98, mfumo wa kompyuta wa zamani. Jumatatu aliambiwa haiuzwi. Jumatano mzee alifungua kava, akamwonyesha CD inavyong'aa, akalifunga. Akasema haiuzwi, hasa kwa mtu mwenye haraka namna hiyo.

"Za kudownload si zipo kibao?" Fahadi aliuliza.

"Haziioni mizani. Hii ilitengenezwa pamoja na mizani yenyewe. Ipo hiyo moja."

Mizani ilikuwa Ruangwa, ghalani kwa Twalha, mnunuzi wa ufuta wa magendo. Anuari, mdogo wake Rukaiya, alikuwa karani hapo. Jumapili alifuta mfumo mzima wa kompyuta akidhani anaondoa virusi. Malori yangefika leo hii Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Mizani isipofanya kazi kabla ya hapo, Twalha angeukata mkono wa Anuari, ule wa kulia, ulioshika kipanya. Aliyasema hayo akimenya chungwa, wala hakupandisha sauti. Evarist yeye aliahidiwa usimamizi wa malori.

"Lete CD tu," Rukaiya alimwambia Fahadi. "CD ndiyo kila kitu."

Saa 7:05 mchana

Nusu ya mtaa ilikuwa msikitini. Fahadi naye alipaswa kuwa huko, na hilo lilimkera kuliko wizi wenyewe. Rukaiya alibaki kwenye gari lao, Noah, kwa sababu mzee alikuwa anamjua.

Fotokopi ilianza kunguruma. Fahadi alihesabu kurasa kwa sikio. Ukurasa wa nne, kabati liko wazi. Wa saba, CD iko ndani ya shati. Wa tisa, singeli imelala mahali pake. Akarudisha kava, akalinyoosha, karatasi ya njano iliyobandikwa nyuma yake ikielekea ukutani kama alivyoikuta. Ukitaka kumlaumu, mlaumu kwa usafi.

"Imetoka," alisema akiingia garini.

Evarist alikuja na kitabu chake cha kurasa sitini. Waliondoka polepole, kama watu waliotoka kununua daftari.

Saa 9:50 alasiri

Vijana wa Twalha walichukua simu zao getini, Ruangwa. Ndani ya ghala, Anuari alikuwa ameketi juu ya gunia, mkono wa kulia umelazwa mezani. Karibu yake palikuwa na panga jipya, bado lina karatasi ya dukani.

"Dada."

"Umekula?"

"Nimekula."

Rukaiya aliingiza CD. Kompyuta ilikoroma, ikakubali. Mstari wa bluu ukaanza kusogea. Twalha alisogeza kiti, akaangalia. Asilimia ishirini. Arobaini. Sabini. Fahadi alianza kupiga mluzi. Rukaiya alijiruhusu kuamini, na hilo alikuja kulijutia kuliko yote.

Saa 10:55 alasiri

Kompyuta ilijizima, ikajiwasha. Kioo kikaonyesha visanduku vitano vitupu. Ilikuwa inataka namba ya CD hiyo, herufi na tarakimu ishirini na tano.

Rukaiya alitoa CD, akaigeuza huku na huku. Tupu. Tangu ajifunze ufundi hakuwahi kushika Windows isiyochomwa, na kwenye hizo za kuchoma namba huandikwa kwa kalamu ya wino juu ya CD yenyewe. Alijaribu namba moja aliyoijua kwa kichwa, ambayo kila fundi anaijua. Ikakataliwa. Hii ya kiwandani ilitaka ya kwake.

Ndipo akaikumbuka karatasi ya njano. Aliiona Jumatano kwa macho yake, akaipuuza.

"Namba iko kwenye kava," alisema.

"Kava si takataka?" Fahadi aliuliza. Alikuwa anauliza kweli.

"Oya, ulisema CD ndiyo kila kitu," Evarist alisema. "Ulisema wewe."

Kwenda Nachingwea na kurudi kungepita saa kumi na mbili. Rukaiya aliomba simu yake; namba ya mzee aliichukua dukani Jumatatu. Twalha alifikiri kwa nusu saa, akamenya chungwa, akalimaliza, akasema aletewe. Ila aweke spika.

Saa 11:41 jioni

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti wa Jumatano."

"Ndiyo."

"Nimesikiliza singeli yenu. Hapa niko na afande, anaandika."

Rukaiya alimtazama Twalha.

"Mzee, nisomee namba ya nyuma ya kava. Nakuomba. Watamkata mdogo wangu mkono."

Kisha wakasikia kabati la vioo likifunguliwa.

"Namba ina mafungu matano," Saturnini alisema. "Nitakupa moja moja, kila moja kwa kunitajia jina. Nani aliniletea kitabu?"

Evarist alisimama. Kijana wa Twalha akaweka panga kifuani pake.

"Mwache aongee," Twalha alisema.

"Evarist," Rukaiya alisema. "Wa stendi."

"M ya Mnero. Saba. R ya Ruangwa. R tena. Mbili."

Rukaiya aliandika. Alikosea herufi moja, akafuta, akaandika upya.

"Aliyefungua kabati?"

"Fahadi wa banda la CD."

Fahadi alikaa chini sakafuni, akashika kichwa. Fungu la pili likaingia.

"Na wewe?"

"Rukaiya, mzee." Fungu la tatu.

"Nani mwingine?"

Hapakuwa na mwingine. Alimtazama mdogo wake, ambaye hakuwahi kuiba chochote katika maisha yake. Anuari akatikisa kichwa kukubali.

"Anuari," alisema, na akalia hapohapo mbele ya wote. Fungu la nne likaingia.

Saa 11:54 jioni

Malori yalisikika barabarani.

"La mwisho," Saturnini alisema. "Mizani hiyo nimeifanyia kazi miaka tisa. Inakula kilo nne kila gunia. Nimewapimia wakulima wa Marambo, wa Kilimarondo, nikiwaangalia machoni. Ndiyo maana CD hiyo siiuzi. Mizani sasa iko kwa nani?"

Rukaiya alimgeukia Twalha.

"Bosi, nimtajie jina lako? Ni herufi tano tu."

Twalha alinyoosha mkono, akakata simu. Akaizima kabisa, akaitia mfukoni mwake.

Kwenye kioo mafungu manne yalikuwa yamejaa. Kisanduku cha tano kilikuwa kitupu, mstari mwembamba ukiwaka na kuzima ndani yake. Kijana alianza kuchana karatasi ya dukani kwenye panga. Anuari hakuutoa mkono mezani. Hapakuwa na pa kuupeleka.

"Dada," alisema, "jaribu basi."

"Zinaweza kuwa herufi zozote, Anuari."

"Bahatisha," Twalha alisema. "Una dakika sita."

Rukaiya alifuta macho kwa mtandio, akaweka kidole juu ya A.