Miiba ya Padri Kisimani

Enzi za Wadachi, kila asubuhi kabla ya kwenda shule ya misheni, Anyesi alichota maji kwenye kisima cha mchangani, katika korongo la Haneti. Kilikuwa kiangazi, na visima vingine vilikuwa vimekauka.

Siku moja alikikuta kimezungushiwa miiba. Pembeni palisimamishwa kibao chenye maneno mawili: AQUA INSALUBRIS. Anyesi alijua kusoma, lakini Kilatini alikijua cha kuimba kanisani tu.

Akamwita baba yake, Mzee Matonya, ambaye hakuhitaji kusoma. Kwa Wagogo, anayechimba kisima hukizungushia miiba, na kila mpita njia hujua kuwa kina mwenyewe.

"Kibao ni cha misheni. Kumbe padri alikuwa anakimezea mate kisima," alisema. "Kesho atataka ng'ombe."

"Baba, nimwulize Mwalimu Bartolomayo?"

"Huyo anakula kwa padri. Atakuambia nini?"

Akaing'oa miiba na kujaza mitungi.

"Maji yananuka, baba."

"Ni tope."

Usiku huo Yoramu, mdogo wake Anyesi, aliharisha na kutapika. Kulipokucha hakuweza kusimama. Matonya alisema padri ametia uchawi majini. Anyesi aliogopa kumpoteza mdogo wake, akakimbilia shuleni bila ruhusa.

Mwalimu Bartolomayo, aliyerudi kutoka Kondoa jana yake, alishtuka kusikia maneno ya kibao. "Aqua ni maji. Salus ni afya, na hiyo in ya mwanzo hukanusha, kama 'si' yetu. Sifa hufuata jina, kama kwetu: maji yasiyofaa kwa afya. Bweha alitumbukia humo. Padri akiwa na haraka huandika Kilatini, kana kwamba Haneti nzima inakisoma. Na maana ya miiba kwetu haijui."

Matonya hakuamini mpaka alipoingiza mti kisimani, ukatoka na mzoga. Yoramu alipona kwa uji mwepesi na maji yaliyochemshwa, kutoka mtungi wa padri yuleyule.

Matonya akairudisha miiba kwa mikono yake. Alipokuwa akimalizia, Athuman, mchuuzi wa Kondoa, alifika na punda wake wenye kiu. Akamtazama kwa jicho la shaka.

"Mzee Matonya, kisima hiki kimekuwa chako tangu lini?"

Matonya aliona aibu. "Si changu. Tumetoa mzoga humo, maji hayanyweki. Wewe afadhali umeuliza."

Kisha akamgeukia Anyesi. "Nilitaka kumkinga mdogo wako dhidi ya padri, nikamnywesha maradhi mwenyewe. Kushuku si kosa, mwanangu. Kosa ni kushuku na kukataa kuuliza."