Damu ya Mtu Asiyekunywa Pombe

Kiema wa Kivaa hakuwa mtu wa pombe. Hata soda ya harusi aliinusa kwanza. Alikuwa mzee wa kanisa, na walevi wa sokoni wakimwona walificha vikombe vyao.

Asubuhi moja mkewe, Mbithe, alimkuta nyuma ya zizi la mbuzi akifukia kitu kwa jembe. Midomo yake ilikuwa na damu.

"Baba Mutanu, umetapika damu?"

"Nyamaza, watu watasikia."

"Wasikie. Twende hospitali."

"Siendi. Yule mlevi Kilonzo alitapika hivi hivi akafa, na kila mtu alijua ni kaluvu, pombe ya kienyeji. Watasema mzee wa kanisa anakunywa kwa siri. Mimi niko na alsa tu, vidonda vya tumbo. Nipe maziwa."

Mbithe, kwa kumheshimu, akampa maziwa. Hilo lilikuwa kosa. Anayetapika damu hapewi chakula wala kinywaji. Anakimbizwa hospitali.

Muda si muda Kiema alitapika tena, damu nyingi yenye mabonge, akaanguka. Mbithe aliogopa vibaya sana. Heshima gani hii ya kuzikwa nayo? Alimlaza ubavu asipaliwe, akampigia simu Abdiaziz, mnunuzi wa mbuzi mwenye pikapu. Abdiaziz alifika haraka, hakuuliza maswali.

Katika hospitali kubwa Kiema aliongezwa damu. Aliwekewa pia dripu ya dawa ya kupunguza presha kwenye mishipa ya tumbo. Kisha muuguzi, Peris, akamwuliza Mbithe, "Mzee anakunywa?"

Mbithe alisikia uso unawaka. "Mzee wangu hajawahi kuonja."

"Mama, siulizi ili nimhukumu. Pombe huharibu ini, lakini si pombe peke yake. Yeye huingia maji ya bwawa?"

"Tangu utotoni. Tunamwagilia nyanya maji ya bwawa la Masinga."

"Maji kama hayo yanaweza kuwa na kichocho. Minyoo yake huingia kupitia ngozi. Ikikaa miaka mingi, inaziba njia za damu ndani ya ini. Damu ikikosa pa kupita, inajaa kwenye mishipa ya tumbo. Mishipa inavimba, halafu inapasuka."

"Kama paipu ya shamba ikikunjwa," alisema Mbithe.

"Umeelewa kabisa. Sasa daktari ataziba palipopasuka, bila kumpasua mzee. Atampa dawa ya usingizi, kisha apitishe mpira mwembamba wenye kamera mdomoni mpaka tumboni. Mishipa ikiwa kwenye koo la chakula, anaifunga kwa vipete vya raba. Ikiwa ndani ya tumbo lenyewe, anaidunga gundi maalum. Gundi inaganda, damu inasimama."

"Gundi? Ndani ya mtu?"

"Si ya viatu, mama."

Mbithe alicheka, kisha akalia. "Na ikikataa?"

"Kuna njia nyingine. Na hata ikikubali, lazima arudi kuangaliwa, maana mishipa huweza kuvimba tena."

Mbithe alikaa kwenye benchi akiomba, mpaka hakubaki na maneno ya kuomba. Hatimaye Peris akatoka. "Ilikuwa ndani ya tumbo. Imezibwa. Damu imesimama."

Kiema alirudi nyumbani na dawa ya kichocho, na nyingine ya kupunguza presha kwenye ile mishipa. Tarehe ya kuangaliwa ilipofika alikwenda, na daktari akaongeza gundi kwenye mshipa mwingine. Siku hizi haingii majini bila gambuti. Anajua pia kwamba choo kikiwa cheusi kama lami, damu inavuja ndani, na hiyo si siku ya kungoja.

Jumapili moja alisimama kanisani.

"Nilificha damu kwa sababu ya aibu, nikakaribia kufa. Si kila anayetapika damu ni mlevi. Na mlevi naye ni mtu wa kutibiwa. Kilonzo tulimwacha tukisema amejitakia. Tulikosea."

Ibada ilipokwisha, jirani yao Ngina alimvuta Mbithe kando.

"Mzee wangu ametapika damu asubuhi hii," alinong'ona. "Na yeye anakunywa kweli. Nimemfungia ndani watu wasimwone."

"Mfungulie. Tunampeleka sasa hivi."

"Na watu?"

"Watatusaidia kumbeba," alisema Mbithe, akamshika mkono wakaenda.