Sikuwalisha Sumu Vifaranga wa Dada Yangu

Nina miaka ishirini na saba. Shule niliiacha darasa la sita. Asubuhi ninayotaka kuwasimulia, niliondoka nyumbani kwa dada yangu bila kujua ninakwenda wapi... Nilibeba mfuko mmoja wa nguo na kopo la bati lenye unga ulioganda. Kopo lile sikuliiba. Lilikuwa shahidi wangu pekee.

Ukisikia mtu anaitwa muuaji wa vifaranga unaweza kucheka. Mimi sikucheka.

Dada Felista ameolewa kijiji kilicho juu ya mji wa Mkuu, Rombo, mlimani Kilimanjaro. Kahawa ilipoanguka bei, yeye na mumewe Apolinari waling'oa mistari miwili ya mibuni wakajenga banda. Ilikuwa miaka ile maduka ya watu binafsi ya dawa za mifugo yalipoanza kufunguliwa kila njia panda, na kila mtu alitaka kuku wa mayai. Mimi nilikuwa nazunguka tu. Nimeuza mitumba Moshi, nimevuna mahindi ya watu kule tambarare, nimepikia mafundi chai. Mahali pakishanieleza mambo yake yote, nahama.

Dada alipojifungua, aliniita. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe wala ndoo, analishwa mtori wa ndizi na supu, anakaa kwenye joto. Felista hakuweza hata kufika bandani, na vifaranga mia moja walikuwa wameshaletwa! Shemeji alishamwambia wazi kwamba hao wakifa, habari ya kuku imekwisha, banda anaweka nguruwe wake.

"Nimekuamini wewe," dada aliniambia. "Nitunzie hawa."

Shemeji alishuka Himo akarudi na kopo lenye picha ya jogoo mwekundu, la vitamini za kuchanganya kwenye chakula. Kijiko kimoja cha kupimia kwa debe moja la chakula. Nilimuuliza kama kuna maelekezo mengine. Akasema hakuna, na kwamba mimi maswali yangu yangemchosha hata padri. Akapanda ngazi, akaliweka kopo darini, juu kabisa ya moto wa kuni, pale ambapo kila nyumba ya kwetu huweka mahindi ya mbegu ili moshi ufukuze wadudu. Kitu cha thamani kinakaa darini. Nani angebisha?

Lakini moto wa mzazi hauzimwi! Mama mkwe wa dada alichochea tangu alfajiri: mtori, supu, maji ya kuoga, tena mtori. Joto lote na mvuke wote ulipanda kwenye kopo lile, siku baada ya siku...

Wiki ya tatu vifaranga wakaanza kuyumba. Wengine walikaa chini, wakashindwa kuinuka. Nilipowashika mdomo ulikuwa laini, unapinda kama mpira.

"Hawa wameingia kwenye pombe yangu ya mbege?" yule mama mkwe aliuliza, tukacheka. Kesho yake walikufa wanne.

Hapa ndipo kosa langu, na nalikiri. Niliona unga unatoka kwenye kopo kwa mabonge, rangi imebadilika, nikajisemea kipimo ni kidogo. Nikaweka vijiko viwili. Halafu vitatu! Mimi ninayeuliza kila kitu, siku hiyo sikumuuliza mtu. Kwa nini? Kwa sababu nilitaka dada asikie kwamba nimeweza peke yangu...

Waliendelea kufa. Banda tulikuwa tumelizungushia magunia kuzuia baridi ya mlimani, ndani giza tupu. Nikachukua kumi waliolegea, nikawa nawaanika juani kila asubuhi juu ya mkeka. Watu walipita wakiniuliza kama nakausha kuku au mahindi. Baada ya siku kadhaa wanane walisimama!

Nikabeba kopo hadi kwa bwana mifugo. Alilifungua, akanusa, akauliza lilikaa wapi. Nilipomwambia darini, alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba vitamini si sumu na wala si uchawi. Zinafanya kazi zikiwa nzima, lakini joto na unyevu huzimaliza nguvu, kwa hiyo vifaranga wangu, waliokosa na jua linaloimarisha mifupa, miguu ilikosa cha kuishika. Akanionya pia kwamba hata vitamini nzuri, ukizidisha, zinadhuru. Kipimo ni kipimo.

Nilipanda mlima nikikimbia, nina jibu! Nikakuta ukoo wa shemeji umekaa uani.

"Mtu wa darasa la sita anafanya majaribio kwenye kuku wangu," shemeji alikuwa akisema. "Amewalisha sumu ya mjini."

Nilieleza habari ya moto. Nikakiri vijiko vitatu mbele ya wote. Kisha nikamuuliza shemeji kama dukani hawakumwambia lolote. Akasema hakuambiwa chochote, huku anaangalia viatu vyake.

Nilingoja sauti ya Felista nyuma ya pazia. Alijua mimi si mtu wa kuua. Ilikuja, ndogo sana.

"Ondoka tu, mdogo wangu. Usinigombanishe."

Kulipokucha, vifaranga waliobaki walikuwa sitini. Niliwaaga kabla ya kumuaga mtu yeyote...

Nilidandia pikapu iliyokuwa inateremka, nikashuka Himo kwa sababu ndipo iliposimama. Mbele yangu kulikuwa na duka la dawa za mifugo, bango lake lina jogoo mwekundu, yule yule wa kwenye kopo langu! Ndani alikaa mama mmoja wa makamo, wanamwita Mama Zainabu. Nikamwamkia shikamoo, nikaweka kopo mezani.

"Marahaba. Hili mmelichemsha?" aliuliza. "Alilinunua mwanaume mrefu wa Mkuu. Nilimwambia mara mbili, weka pakavu, penye baridi, mbali na moto. Akanijibu yeye si mtoto."

Kumbe shemeji alijua! Aliniacha nibebe vifo vile vyote ili asionekane amekosea mbele ya ndugu zake.

Ndugu zangu mnaofuga, msinilie. Ulizeni! Ulizeni dukani, mrudi mkaulize tena, hata wakiwaita wasumbufu. Msiongeze kijiko kwa kubahatisha kama mimi. Wala msikubali kuitwa wauaji na mtu aliyekalia maelekezo. Kosa langu ni vijiko vitatu. La darini sitaliombea msamaha, leo wala kesho!

Mama Zainabu aliniuliza ninalala wapi. Nikasema sijui. Akanipa kazi ya kupima chakula cha kuku, na chumba nyuma ya duka: kitanda cha kamba, sakafu ya saruji, ukuta ambao jua haliufikii.

Kabla sijafungua mfuko wangu niliomba kopo jipya, likatwe kwenye ujira wangu. Nikampa dereva wa ile pikapu, aliyekuwa anarudi Mkuu, ampelekee Felista mkononi, si mumewe, pamoja na karatasi: "Dada, wape jua. Kijiko kimoja. Na hili liweke chini ya kitanda chako, usimpe mtu alipandishe darini."